Tathmini, Usiku wa Tatu

Kwa Eilidh, ghorofa ya pili:
nimeucheza mchezo wenu mara nne hadi mwisho,
mara ya tano nikasinzia juu ya kibodi
nikaamka nimemuua daktari.
Nje, Dundee imemezwa na ukungu.
Daraja la mto Tay linaanza, halimaliziki.

Hadithi naieleza kwa ufupi maana ni fupi:
Zaruna, dereva wa treni ya magendo,
ana kovu shavuni, ana bastola, ana madeni.
Wanampenda watatu:
askari, daktari, na mwizi wa funguo.
Kila baada ya dakika chache picha inaganda,
vijisanduku vitatu vinachomoza chini:
Mbusu. Mpige risasi. Nyamaza.

Mapigano juu ya paa la behewa ni mazuri, nasema kweli.
Kisu kinasikika kabla hakijaonekana,
theluji inalia chini ya kiatu.
Chai yangu ilipoa, ikafanya utando, sikuigusa.

Kuhusu chumbani
(miaka kumi na minane na zaidi, mmeandika wenyewe):
mishumaa arobaini na mmoja, nimeihesabu,
na hakuna hata mmoja unaomtupia mtu kivuli.
Mwili wa askari unang'aa kama godoro jipya
ambalo halijavuliwa nailoni.
Wanahema kwa zamu, kwa adabu,
kama watu kwenye foleni ya posta.
Tatu kwa kumi.

Lakini sura ya tisa
mwizi anamtoa Zaruna kibanzi kiganjani,
kwa sindano, chini ya taa ya mafuta.
"Hapa?"
"Hapana."
"Hapa?"
Na mchezo hauulizi kitu, hautoi kijisanduku,
unakuacha utazame.
Hayo ndiyo mapenzi ya watu wazima, Eilidh,
na mmeyaficha katikati ya kutia makaa na kuhesabu risasi.

Sasa hayo machaguo.
Nilimsaliti askari kwa makusudi,
nikaliuza jina lake kwa mkate na risasi sita.
Sura ya kumi akanisubiri mlangoni na maua.
Nikarudi nyuma, nikawa mwaminifu:
maua yale yale, hata lile lililovunjika shina.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki,
ninyi mmetugawia dekio.
Majuto ni mjukuu, sawa,
ila humu ndani hakuna anayezeeka.

Basi nikajaribu kunyamaza.
Kila swali: Nyamaza. Nyamaza.
Hapo ndipo mchezo ukatoa meno.
Daktari akaacha kuniuliza.
Askari akaoa Ijumaa moja, nikasikia honi tu.
Mwizi akashuka kituo kisicho na kibao
na jina lake sikulijua,
kwa kuwa huambiwi mpaka uulize.
Treni ikaendelea, makaa, makaa, makaa,
Zaruna akawa anazungumza na injini.
Nani aliiandika njia hii? Mwongezeni mshahara.
Huyo amewahi kushika simu
mtu wa upande wa pili akauliza, "Bado upo?"
naye yupo.

Mimi niliulizwa mwaka juzi, na Shaweji,
kutoka Minneapolis, laini ikikwaruza,
nikiwa nimesimama dirisha hili hili na soksi moja.
Nilikuwa na majibu matatu. Manne.
Hilo si la ripoti, lifuteni.

Alama ya jumla: saba.
Punguzeni mishumaa.
Mfundisheni askari kukumbuka.
Kibanzi msikiguse.
Na njia ya kimya msiitangaze kwenye kasha,
mwacheni mtu aikute mwenyewe saa nane za usiku,
kidole juu ya kipanya, hajabofya.

Faili nimelihifadhi, nakala mbili.
Ankara nitaleta Jumatatu.
Upande wa pili wa daraja bado hauonekani,
ila taa za gari moja, za manjano,
zimeingia.